Mpaka Usikie Kinu cha Mzee Thuo

Stima ya Kapmosa ina tabia ya mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Ikirudi baada ya kupotea, huingia, hutoka, huingia tena, na mara nyingine hutoka mara ya tatu kabla ya kuamua kukaa. Kila mtu pale anaijua tabia hiyo, lakini anayeijua zaidi ni Mzee Thuo, mwenye posho mill, kinu cha kusaga mahindi kilicho ng'ambo ya barabara, mkabala na zahanati. Mwaka mmoja aliharakisha kuwasha, stima ikacheza, mota ikaungua, na watu wakabeba mahindi yao hadi Kedowa kwa majuma mawili. Tangu hapo Mzee Thuo huketi juu ya gunia, huitazama balbu iliyo juu ya mlango wake, na hainuki mpaka aridhike. Kinu chake kikianza kunguruma, fundi wa nguo huchomeka pasi, kinyozi huchukua mashine yake, na mwenye duka huwasha friji ya maziwa. Hakuna aliyeitisha mkutano ili iwe hivyo. Ndivyo watu wanavyoishi pale.

Kijana Wambugu, fundi wa kompyuta, alipoiweka seva ya kutunzia kadi za wagonjwa katika zahanati, aliipanga iufuate mtindo huo. Seva nyingi, stima ikirudi, huhesabu sekunde chache kisha hujiwasha zenyewe. Hii aliikataza kuhesabu. Ingeamka nusu tu, ionyeshe mistari miwili kwenye skrini, kisha ikae hapo hata siku nzima ikingoja mkono wa mtu.

"Mstari wa kwanza ndio mfumo wetu wa kila siku," alimwambia mama yake. "Ukisikia kinu cha Mzee Thuo, bonyeza Enter. Kabla ya hapo usiguse. Stima ikikatika wakati mfumo unaamka, unaweza kuharibika."

"Na huu wa pili?"

"Huo ni wa siku mbaya, Mama. Usiuguse."

Mama huyo ni Priscillah, karani wa dirishani. Kazi yake ni kumpokea mgonjwa, kumuuliza jina na namba ya simu, na kuifungua kadi yake kwenye kompyuta ili Daktari Aron, aliye chumba cha ndani, aione. Kadi zote zimo ndani ya seva, na seva imo katika chumba kilichokuwa stoo ya vyandarua, nyuma tu ya kiti chake. Mtu angeweza kusema kazi ya kubonyeza Enter ilimwangukia kwa sababu alikuwa karibu. Yeye mwenyewe aliamini kwamba aliachiwa.

Maana wiki tatu baada ya kuipanga, Wambugu alienda Doha. Alikuwa amepata kazi katika jengo lisilo na madirisha, lenye seva maelfu zilizosimama kwa safu ndefu, na kazi yake ilikuwa kutembea kati ya safu hizo kwa saa kumi na mbili akitafuta taa nyekundu. Alipomweleza mama yake, Priscillah alimuuliza kama kazi hiyo ni kama kupita kwenye shamba la majani chai ukitafuta mche uliokauka. Wambugu alicheka, akasema ni hivyo hasa, ila kule hakuna ukungu. Kabla ya kuondoka aliongeza kitu kimoja katika seva ya Kapmosa: kila ikimaliza kuamka, ingemtumia ujumbe kwenye simu yake. Kapmosa imeamka. Maneno mawili tu. Alisema ni ili ajue mambo yanavyoendelea.

Basi ikawa hivi. Mvua ya vuli ilianguka na barafu yake, ile inayopasua majani ya chai mpaka shamba linabaki kama limetafunwa, na stima ikapotea mara tatu kwa wiki. Kila mara Priscillah aliketi mbele ya mistari miwili, mikono mapajani, akisikiliza. Kinu kikinguruma, alibonyeza. Na punde maandishi yakimaliza kukimbia kwenye skrini, simu yake ingelia.

"Mama, stima ilipotea?"

"Ilipotea. Imerudi."

"Ulingoja kinu?"

"Nilingoja, baba."

Kisha wangezungumza dakika tano, kumi. Angemwambia ukubwa wa barafu, ng'ombe amezaa ndama mwenye doa usoni, Mzee Thuo amenunua kofia ya ngozi na haivui hata kanisani. Wambugu angemwambia wamepika ugali chumbani kwao, watu sita, na ugali ukawa mgumu. Zilikuwa simu nyepesi. Zilikuwa na kazi, na mambo mengine yaliingia kwa mlango wa nyuma bila mtu kuyaita.

Simu za Jumapili zilikuwa tofauti. Jumapili alipiga bila sababu, na ndani ya simu isiyo na sababu kuna nafasi kubwa mno. Priscillah angejikuta ameuliza, unakuja lini? Wambugu angesema Desemba. Desemba ilikuja, likizo haikutolewa, na kuku aliyetengwa kwa ajili yake akaliwa na wageni wengine. Baada ya hapo simu za Jumapili zikawa za kila wiki mbili, kisha zikakoma. Hapakuwa na ugomvi wowote. Zilikoma tu, kama njia inayoota nyasi. Na kwa kuwa saa ya Doha na saa ya Kapmosa ni moja, Priscillah hakuweza hata kujidanganya kwamba mtoto amelala.

Angeweza kupiga yeye. Aliishika simu mara nyingi. Lakini alilijua swali lililokuwa likimngoja kooni, na alijua kwamba mtoto analijua pia.

Mwezi wa kwanza mafundi walileta transfoma mpya, wakaitundika kwenye nguzo karibu na kanisa. Watu wakapiga makofi. Priscillah alipiga makofi pamoja nao. Ilikuwa siku ya ishirini bila stima kupotea ndipo alipoelewa alichokuwa ameshangilia.

Siku ya thelathini na moja, saa nane mchana, wagonjwa wakiwa wamekwisha, aliingia stoo na kuitazama seva. Taa zake za kijani zilipepesa kwa utulivu wa mtu aliyeshiba. Wambugu alikuwa amemfundisha kuiwasha. Kuizima hakumfundisha, kwa sababu siku zote stima ndiyo iliyokuwa ikizima. Kwa hiyo Priscillah alifanya vile stima ilivyokuwa ikifanya. Aliinama, akazima swichi ukutani. Akahesabu hadi kumi. Akawasha.

Mistari miwili ikatokea. Akabonyeza Enter. Baada ya dakika nne simu ikalia.

"Mama, stima ilipotea?"

"Ilipotea," alisema. "Imerudi."

Wambugu alikaa kimya kidogo, kiasi cha mtu kumeza mate. Kisha akauliza habari za ndama.

Alifanya hivyo tena baada ya wiki mbili. Mara hiyo walizungumza robo saa, na jioni ile aliimba akimenya viazi. Alijiambia hakuna aliyeumia. Wagonjwa walikuwa wamekwenda nyumbani, mashine ilikuwa imeamka salama, na mtoto alikuwa amecheka mara mbili.

Mara ya tatu ilikuwa Jumatano.

Jambo ambalo Priscillah hakulijua ni kwamba mchana huo seva haikuwa peke yake. Janeffer Bitutu, fundi kijana anayetunza kompyuta za zahanati kadhaa akiwa Kericho, alikuwa ameiingia kwa njia ya mtandao na kuanza kuiwekea toleo jipya la mfumo. Huifanya kazi hiyo kila mwisho wa mwezi, Jumatano baada ya saa nane, kwa kuwa hapo hakuna mgonjwa. Kwenye skrini ya stoo hakukuwa na dalili yoyote. Taa za kijani zilipepesa haraka kuliko kawaida, basi. Priscillah aliinama, akazima swichi, akahesabu, akawasha.

Mistari miwili. Enter. Maandishi meupe yakaanza kukimbia, kisha yakasimama mahali ambapo hayakuwahi kusimama. Katika mstari wa mwisho kulikuwa na neno la Kiingereza alilolijua vizuri, panic, yaani taharuki, na chini yake hakukuwa na kitu.

Alizima, akawasha. Neno likarudi. Alijaribu mara nne. Ng'ambo ya barabara kinu cha Mzee Thuo kiliendelea kusaga bila kukatiza, mchana mzima, kana kwamba kinamsuta. Simu yake ilikuwa mezani na haikulia, maana Kapmosa haikuwa imeamka. Saa kumi na moja alifunga mlango wa stoo, akaenda nyumbani, na hakumwambia mtu yeyote. Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya wagonjwa wa presha na sukari.

Kufikia saa mbili asubuhi benchi lilikuwa limejaa. Wengi walikuwa wakulima wadogo wa chai, wametoka mashambani na mabuti yao ya mpira yenye matope. Wa kwanza alikuwa Rodah, mama wa makamo anayependa kufika mapema ili achague pa kukaa na wa kumtania. Alimuuliza Priscillah kama leo dirisha lina kwikwi, mbona jina lake linaandikwa muda mrefu hivyo. Priscillah alijaribu kutabasamu. Akasimama, akaenda kwa Daktari Aron, akamwambia kompyuta hazifungui kadi.

Aron si mtu wa kupandisha sauti. Alitoka na kalamu sikioni, akatazama foleni, akamwita Rodah na kumuuliza anatumia dawa gani. Kidonge cheupe, alisema Rodah. Aina zote mbili za vidonge vya presha zilizokuwa stoo ya dawa ni nyeupe. Dozi gani? Rodah alifikiri. Alikumbuka tu kwamba mwezi uliopita alilalamika kizunguzungu, na daktari akabadilisha kitu. Aron mwenyewe alikumbuka kubadilisha. Kwa wagonjwa arobaini, hakukumbuka ni nini.

"Nikimpa ile ya zamani anaweza kuanguka njiani," alimwambia Priscillah kwa sauti ya chini. "Siwezi kubahatisha."

Akampigia Bitutu. Bitutu alisema gari la mapema limeshaondoka Kericho, na la kufuata lingemfikisha saa sita. Akauliza kama kuna mtu anayeijua ile skrini ya stoo. Aron akamtazama Priscillah, akaweka simu kwenye sauti ya juu, na wote wawili wakaingia stoo. Mlango walisahau kuufunga, na Rodah, aliyeona kwamba mambo haya ni yake pia, alisogea akasimama kizingitini.

Bitutu aliomba asomewe yaliyoandikwa. Priscillah akasoma herufi kwa herufi. Bitutu akauliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza.

"Stima ilipotea saa ngapi jana, Mama?"

"Saa tisa hivi."

"Ikarudi saa ngapi?"

"Hapo hapo."

"Jana?" alisema Rodah kutoka mlangoni, bila ubaya wowote. "Jana saa tisa mimi nilikuwa kwa Thuo. Alinisagia debe mbili, na kinu hakikusimama hata mara moja."

Kinu chenyewe kilisikika ng'ambo ya barabara. Aron aligeuka polepole kumtazama karani aliyefanya naye kazi miaka minane, mwanamke ambaye hajawahi kuchelewa hata siku ya msiba wa mumewe. Priscillah aliona kwamba angeweza bado kusema uongo mwingine. Labda panya, labda waya. Lakini nyuma ya Aron aliyaona mabuti ya Rodah, na matope yaliyokauka juu yake.

"Haikupotea," alisema. "Nilizima mimi."

"Kwa nini, Mama Wambugu?"

"Ikiwaka, Wambugu hupata ujumbe. Akipata ujumbe, hupiga simu." Alijikaza. "Ilikuwa siku nyingi hajapiga."

Aron alitoa kalamu sikioni, akaitazama, akairudisha. Kutoka kwenye simu ilisikika pumzi ya Bitutu, na nyuma yake kelele za stendi. Yeye ndiye aliyezungumza kwanza. Alisema na yeye ana lake. Alikuwa akiiwekea mashine toleo jipya saa ile ile, na hakupiga simu kuwaarifu, kwa sababu hajawahi kupiga. Kile kilichokatwa katikati ni kiini, sehemu ya mfumo inayoamka kwanza na kuziamsha nyingine. Kiini kipya kilikuwa kimeandikwa nusu. Cha zamani hakikuguswa, bado kiko mle ndani, kizima. Ila mashine haiwezi kukichagua yenyewe. Lazima mtu akichague.

"Zima, uwashe, Mama. Ukiona mistari miwili, usibonyeze Enter. Bonyeza mshale wa chini."

Mkono wa Priscillah ulisimama hewani.

"Mstari wa pili Wambugu alisema nisiuguse."

"Alikwambia ni wa nini?"

"Wa siku mbaya."

"Basi ndiyo hii," alisema Bitutu, bila ukali.

Akabonyeza mshale wa chini, kisha Enter. Mistari miwili ikatoweka, na mahali pake ikaja minne, mirefu, yenye Kiingereza na namba. Bitutu alimuuliza mstari wa kwanza unaishia na namba gani. Mia moja na kumi na mbili. Hiyo ni mpya, iache. Wa pili una namba hiyo hiyo? Ndiyo, na maneno zaidi mwishoni. Iache pia. Wa tatu? Mia moja na saba.

"Hiyo. Nenda hapo, usome tena namba kabla ya kubonyeza."

Priscillah aliisoma mara mbili. Akabonyeza. Maandishi meupe yakaanza kukimbia, yakafika mahali yaliposimama jana, na Rodah, ambaye hakuelewa hata herufi moja, akashika fremu ya mlango. Yakapita. Yakaendelea kupanda, marefu, ya kawaida, mpaka skrini ikatulia na kuomba jina la mtumiaji.

"Imeamka," alisema Priscillah.

Alipogeuka aliona kwamba si Rodah peke yake aliyekuwa mlangoni. Nusu ya benchi ilikuwa imesimama nyuma yake, na habari ilikuwa imeshapita kutoka mdomo hadi mdomo, maana walikuwa hawaitazami seva. Walikuwa wakiitazama simu yake, iliyokuwa juu ya kaunta ya dirishani. Priscillah naye akaitazama. Ujumbe ulikuwa umeshakwenda. Ilipita dakika moja, zikapita nne. Ilipita robo saa, na simu ikakaa pale pale, skrini yake nyeusi.

"Labda yuko kazini," alisema Rodah.

Hapo kila mtu akarudi kuketi, na Priscillah akafungua kadi ya kwanza. Mwezi uliopita dozi ya Rodah ilikuwa imepunguzwa nusu.

Rodah alipomaliza kuchukua dawa, Priscillah alitoka nje akamfuata, akamwomba msamaha. Alisema angeweza kumwangusha njiani kwa upumbavu wake. Rodah alifunga dawa zake kwenye leso, akafunga leso kifuani.

"Wangu yuko Siongiroi," alisema. "Si ng'ambo, Siongiroi tu hapo, na hapigi. Ungenionyesha na mimi hiyo swichi."

Alicheka, lakini hakucheka kwa muda mrefu.

Bitutu alifika saa sita na nusu, akakiweka upya kiini kilichokatika, akaijaribu mashine mara mbili. Aron alimwita Priscillah ndani na kufunga mlango. Aliyomwambia hayakuwa makali, na kwa sababu hiyo yaliuma. Alimwambia aandike barua kwa kamati ya zahanati, aeleze ukweli wote, naye Aron angeandika yake chini kwamba anataka Priscillah abaki kazini. Wiki iliyofuata ilinunuliwa betri ya akiba, kubwa kama sanduku la Biblia za shule ya Jumapili, ya kuishikilia seva mpaka stima itulie. Sasa hapakuwa na haja ya kungoja kinu, wala ya kungoja mtu. Bitutu alibadilisha mpangilio mbele ya macho yake: mashine ingehesabu sekunde tano, kisha ichague mstari wa kwanza yenyewe. Na ujumbe wa kuamka ungekwenda kwa yule anayeitunza, yaani Bitutu.

Priscillah aliomba aione ikifanya hivyo mara moja. Bitutu akaiwasha upya. Kwenye kona ya chini ikatokea namba tano, ikawa nne. Kwenye tatu Priscillah aliona kwamba kidole chake kilikuwa kimenyooka kuelekea Enter. Akakirudisha mapajani. Moja. Maandishi yakaanza kukimbia bila yeye.

"Nitakufundisha na kuzima," alisema Bitutu, aliyekuwa amekiona kile kidole. "Kuzima vizuri. Ikija siku mimi sipo, lazima mtu ajue." Akamfundisha, na Priscillah akaandika hatua zote kwenye daftari lake, kwa mwandiko wake safi wa kanisani, na hakuzitumia.

Zilitimia siku tisa tangu Alhamisi ile. Mvua za kwanza zikanyesha bila barafu, na majani ya chai yakachipuka kijani kibichi mpaka macho yakauma kuyatazama. Stima ilipotea mara moja, usiku, mpaka betri ikaisha. Asubuhi Priscillah aliikuta seva iko macho, imeamka yenyewe, na hapakuwa na la kufanya ila kuifuta vumbi.

Jumamosi, saa nne asubuhi, kukiwa na wagonjwa wawili tu waliokwisha hudumiwa, simu ililia. Aliitazama ikilia. Kitu cha kwanza alichofanya ni kugeuka kuangalia taa za seva. Zilikuwa za kijani.

"Mama."

"Wambugu. Kuna shida?"

"Hakuna." Nyuma yake kulikuwa na mvumo wa vipoza hewa. "Stima iko?"

"Iko."

"Najua iko. Sijui kwa nini nauliza."

Priscillah akakaa. Akamwambia kwamba ujumbe hautamfikia tena, umepelekwa kwa Bitutu. Wambugu akasema Bitutu alimpigia siku ile ile, akamweleza yote. Alhamisi ile alikuwa amehamishiwa zamu ya mchana, simu ikiwa kwenye kabati la mlangoni, maana sheria ya kule ni hiyo. Alipoitoa simu jioni, akaukuta ujumbe na kuelezwa ulivyopatikana, alishindwa aanzie wapi. Siku tisa ameshindwa.

"Nilidanganya, baba. Mara mbili kabla ya hiyo. Nilikwambia stima imepotea."

"Nilijua."

Priscillah hakuelewa. Wambugu akamweleza kwamba kule anaona pia rauta ya zahanati, ile inayoleta mtandao. Stima ikipotea kweli, rauta hupotea pamoja na seva. Ikirudi, rauta hutangulia, na seva hufuata baada ya robo saa, mara nyingine dakika ishirini.

"Hizo dakika ni wewe, Mama. Unangoja kinu. Nilikuwa nikiona rauta imerudi najua sasa umeketi stoo, unasikiliza. Naacha ninachofanya, nangoja na wewe. Zile mara mbili rauta haikupotea. Na hukungoja kinu. Nikajua umezima."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungeacha."

Priscillah alifunga mdomo kwa kiganja. Nje, jua lilikuwa limetoka kidogo, na barabara ilikuwa ikifuka mvuke. Lile swali lilipanda mpaka pale kooni linapokaa siku zote. Unakuja lini. Alilihisi zito na tayari, na alisikia upande wa pili mtoto wake ameacha kupumua, analingoja.

Akalimeza.

"Ndama ameota pembe," alisema. "Ndogo. Ukimpapasa ndipo unazihisi."

Pumzi ya Wambugu ikatoka kwa mkupuo, kama kicheko, au si kicheko. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kitu asichostahili:

"Mzee Thuo anasaga?"

"Anasaga. Leo watu ni wengi."

"Niwekee nisikie."

Priscillah alisimama, akafungua dirisha lote, akaunyoosha mkono nje kadiri ulivyofika, na simu kwenye ncha ya vidole vyake ikielekea ng'ambo ya barabara. Kinu kilinguruma. Mzee Thuo, na kofia yake ya ngozi, alimwona akisimama hivyo, akainua mkono kumsalimu, kisha akaushusha, akaelewa kwamba si yeye anayeitwa. Mtu mmoja alimwaga mahindi kwenye mdomo wa kinu na mngurumo ukawa mnene zaidi.

Mkono ulianza kumuuma Priscillah begani. Hakuurudisha. Hakujua kama Wambugu bado yuko kwenye laini, na hakutaka kuuleta mkono ndani ili ajue.